Kwa Vijana wa Pemba Wanaotaka Kusoma Hisabati ya Fedha

Haya ni maandishi ya hotuba niliyoitoa Wete mbele ya wanafunzi wa kidato cha sita, wanafunzi wa vyuo waliokuwa likizo, na wazazi wao. Nimeyapanga upya kidogo ili yasomeke.

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Waheshimiwa walimu wetu, wazee wetu, mama zetu, na nyinyi vijana ambao ndiyo sababu ya kikao hiki. Nimeombwa nieleze habari za shahada ya uzamili ya hisabati ya fedha, ambayo vyuo vingine huiita uhandisi wa fedha na vingine huipa majina marefu zaidi, lakini masomo yake ni yale yale. Mimi niliisoma Uingereza, na tangu niliporudi vijana wengi wa kisiwa hiki wamekuwa wakinijia, au wakinipigia simu, na maswali mawili: shahada hii inalipa kiasi gani, na udhamini wake unapatikana wapi. Nitayajibu yote mawili kwa kadiri ya ninavyojua. Lakini kuna swali la tatu ambalo hata mmoja wenu hajaniuliza, na ambalo kwangu ndilo la mwanzo, nalo ni hili: kiasi gani cha hisabati unacho mkononi kabla hujaanza? Nitazungumza zaidi juu ya hilo, kwa sababu ndilo lililonigharimu mimi.

Kwanza tujue shahada yenyewe inahusu nini. Marehemu babu yangu alikuwa akikodi mikarafuu. Wazee waliopo hapa wanaijua kazi hiyo vizuri kuliko mimi: mwenye shamba ambaye ana shida ya fedha, au ambaye hana tena nguvu za kusimamia wachumaji, humkodisha mtu mwingine mikarafuu yake kabla ya msimu, akapokea fedha zake taslimu, na mavuno yakawa ya aliyekodi, yawe mengi au yawe haba. Babu alikuwa akiingia shambani asubuhi na mapema, akitazama ncha za matawi mti baada ya mti, akihesabu mikarafuu iliyotoa na isiyotoa, akiuliza mvua ilinyesha vipi na shamba lilizaa vipi mwaka uliopita, kwa kuwa mkarafuu uliozaa sana mwaka mmoja aghalabu hupumzika mwaka unaofuata. Kisha hukaa chini ya mti, akafanya hesabu ya pishi, ya ujira wa wachumaji, ya siku za kuanika, na ya mvua inayoweza kuziharibu karafuu zikiwa bado jamvini, na mwisho akataja bei. Hakuandika hata mstari mmoja. Alichokuwa akikifanya ndicho kinachofundishwa katika shahada hii: kukipa bei ya leo kitu ambacho thamani yake itajulikana kesho.

Tofauti ni kwamba babu alitegemea macho yake na miaka yake arobaini ya uzoefu, na sisi tunafundishwa kutegemea hisabati. Naomba mnivumilie kwa mfano mmoja wa hesabu, kwa sababu mtu hawezi kuambiwa ladha ya embe, sharti aonje. Bei nitakazozitaja ni za mfano tu.

Tuseme kilo ya karafuu kavu leo ni shilingi 10,000, na tuseme baada ya mwaka itakuwa ama 12,000 ama 8,000, wala hakuna bei nyingine. Mtu anakujia anataka umuuzie mkataba utakaompa haki, bila ya kumlazimisha, ya kununua kilo moja kwako mwakani kwa shilingi 10,000 zile zile. Bei ikipanda ataitumia haki yake na atafaidi 2,000. Bei ikishuka ataichana karatasi na kwenda zake. Mkataba wa namna hii huitwa opsheni. Je, umuuzie kwa shilingi ngapi? Karibu kila ninayemuuliza hunijibu kwamba inategemea: ikiwa bei inaelekea kupanda, mkataba uwe ghali, na ikiwa inaelekea kushuka, uwe rahisi. Jibu hilo linaonekana la busara, lakini si sahihi.

Fanya hivi. Nunua leo nusu kilo ya karafuu kwa shilingi 5,000. Katika fedha hizo, 4,000 zikope kwa ndugu yako, mkopo mwema usio na riba, na 1,000 itoe mfukoni mwako. Mwakani, bei ikiwa 12,000, nusu kilo yako itakuwa na thamani ya 6,000. Utalipa deni la 4,000 na utabakiwa na 2,000, ambazo ndizo hasa anazokudai mwenye mkataba. Bei ikiwa 8,000, nusu kilo yako itakuwa na thamani ya 4,000. Utalipa deni, hutabakiwa na kitu, na mwenye mkataba naye hatakuwa na cha kukudai. Kwa hiyo bei ya mkataba ule ni shilingi 1,000, kwa sababu kwa shilingi 1,000 unaweza kuitimiza ahadi yako katika hali zote mbili. Na tazameni: katika hesabu nzima hatukuuliza hata mara moja kama bei inaelekea kupanda au kushuka. Mwenye matumaini na asiye na matumaini wote wawili watafika kwenye shilingi 1,000 ile ile.

Nilipoona mfano wa namna hii kwa mara ya kwanza nilikaa nao hadi usiku wa manane, nikiutafutia kosa. Kosa halikuwemo. Ndipo nilipoelewa kwamba nimeingia katika elimu ya kweli, yenye uzuri wake, na si katika ujanja wa kutajirika haraka kama nilivyokuwa nimeelezwa na baadhi ya watu kabla sijasafiri.

Elimu hii ina historia ya kupendeza. Mwaka 1900, huko Paris, mwanahisabati Louis Bachelier aliandika tasnifu ya kueleza bei za soko la hisa kwa mwendo ule ule wa chembechembe zinazotangatanga majini, ambao mtaalamu wa mimea Robert Brown aliuchunguza mwaka 1827. Na alifanya hivyo miaka mitano kabla Einstein hajautumia mwendo huo katika fizikia. Katika miaka ya 1940, Mjapani Kiyosi Itô alibuni kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko, mahsusi kwa mambo yanayokwenda kwa nasibu. Mwaka 1973, Fischer Black na Myron Scholes, na kwa upande wake Robert Merton, waliifanya hesabu yetu ya nusu kilo kwa bei inayobadilika kila dakika badala ya mara moja kwa mwaka, na mwaka huo huo soko la opsheni likafunguliwa Chicago. Mwanafunzi wa shahada hii hutarajiwa kuipita njia yote hiyo, kutoka Brown hadi Black, katika muhula wake wa kwanza.

Hapo ndipo ninapotaka kuwaeleza habari yangu mwenyewe. Mimi kidato cha tano na cha sita nilisoma ECA, yaani uchumi, biashara na uhasibu, na kama mnavyojua wenzetu wa mchepuo huo husoma hisabati ile ya BAM, yaani hisabati ya msingi ya matumizi, na hawasomi hisabati ya juu inayosomwa na watu wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) na EGM (uchumi, jiografia na hisabati). Shahada yangu ya kwanza ilikuwa ya biashara. Nilipoomba nafasi ya uzamili, chuo kilichonipokea kiliangalia alama zangu, ambazo zilikuwa nzuri, na kikaangalia kwamba ada yangu ina mlipaji, kikanikubali. Hakuna aliyeniuliza kama nimewahi kuthibitisha nadharia yoyote ya hisabati kwa mkono wangu. Wiki ya tatu mhadhiri aliandika ubaoni kanuni ya Itô, akaithibitisha kwa dakika kumi, akaendelea mbele. Wenzangu wa kutoka Ufaransa, China na India walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuelewa. Mimi nilikuwa bado natafuta maana ya alama ya tatu katika mstari wa kwanza.

Mtihani wa muhula ule niliufeli. Sikufeli kwa uvivu, kwa sababu nililala saa nne kwa siku, na nilifunga na kusali na kusoma kama nilivyolelewa. Nilifeli kwa sababu nyumba haipauliwi kabla ya kujengwa kuta. Nchini Uingereza shahada hii huchukua mwaka mmoja tu: miezi tisa hivi ya masomo na mitihani, kisha tasnifu wakati wa kiangazi. Katika mwaka mmoja hapana nafasi ya kurudi nyuma kujifunza kile ambacho ungepaswa kuja nacho. Nilirudia mtihani na nikafaulu, lakini nilipoteza miezi ambayo wenzangu waliitumia kutafuta kazi na kuandika tasnifu zenye uzito, na fedha za watu walionichangia zilikaribia kupotea. Mama yangu alikuwa ameuza sehemu ya shamba. Jambo hilo sijalisahau na sitarajii kulisahau.

Kwa hiyo nawaomba, kijana anayeitaka shahada hii ajipime kwa mambo manne kabla hajajaza fomu yoyote. La kwanza ni kalkulasi ya vigeu vingi na milinganyo tofautishi. La pili ni aljebra ya matriksi. La tatu, ambalo ni kubwa kuliko yote, ni nadharia ya uwezekano, na hapa sikusudii kurusha shilingi na dadu tu. Nakusudia uweze kueleza kwa maneno yako wastani wenye masharti ni kitu gani na kwa nini sampuli ikiwa kubwa wastani hutulia. La nne ni kuandika programu za kompyuta, Python ikiwa ndiyo ya kuanzia na C++ baadaye kwa anayetaka kufanya kazi katika benki kubwa za nje. Haya yote yanaweza kusomwa hapa hapa Zanzibar, katika shahada ya kwanza ya hisabati, ya takwimu, ya fizikia au ya uhandisi. Tangu mwaka 2023 tawi la Chuo cha Teknolojia cha India cha Madras lipo Unguja na linafundisha sayansi ya data, na mtu aliyeisoma shahada ya namna hiyo vizuri atafika mbali kuliko nilipofika mimi. Aliyesoma biashara kama mimi bado ana njia, lakini aipe njia hiyo mwaka mzima wa maandalizi, na asione haya kukaa darasani na wadogo zake.

Sasa, nimeisifu hesabu ya nusu kilo, na uaminifu unanilazimisha kuonesha inapoishia. Ile hesabu ina sharti ambalo sikulitamka: kwamba mtu yeyote anaweza kununua karafuu kiasi anachotaka, siku anayotaka, akaziweka na kuziuza tena. Hapa kwetu sharti hilo halipo. Karafuu zetu kwa miaka mingi zimenunuliwa na Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, kwa bei inayotangazwa, na mtu binafsi akizikusanya kwa wakulima akaziweka ghalani huhesabiwa kwamba anafanya magendo. Nusu kilo yetu, basi, haipatikani, na ikiwa haipatikani, bei ya shilingi 1,000 haina nguzo ya kusimamia. Fomula ni ile ile, hisabati haina dosari, na jibu halitufai. Mwanafunzi ambaye hakufundishwa kuliona hilo atarudi nyumbani na fomula za Chicago na atazitumia Wete kama alivyozikuta.

Watu wakubwa kuliko sisi waliteleza hapo hapo. Scholes na Merton walipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1997, Black akiwa ameshafariki. Wote wawili walikuwa washirika katika kampuni ya uwekezaji iliyoitwa Long-Term Capital Management. Agosti 1998 Urusi ilishindwa kulipa madeni yake, masoko yakaenda kinyume na hesabu zote za kampuni ile, na baada ya wiki chache benki kubwa 14 zililazimika kuchanga karibu dola bilioni 3.6 kuiokoa isianguke na kuvuta wengine. Hesabu zao zilikuwa zimejengwa juu ya data za miaka iliyotulia.

Sisi Wazanzibari tungepaswa kulielewa hili upesi. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu iliyokuwa imepandwa tangu enzi ya Seyyid Said, na Pemba kwa kiasi kikubwa ikanusurika. Ndivyo kisiwa chetu kilivyokuja kuwa mama wa karafuu. Mtu ambaye angekaa Unguja mwaka 1871 na daftari la mavuno ya miaka thelathini, akachora wastani na mtawanyiko wake kwa ustadi mkubwa, asingekiona kimbunga kile popote katika daftari. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa tangu kupandwa hadi kuanza kuzaa, kwa hiyo hasara ya kimbunga kimoja ilidumu miaka mingi. Katika shahada hii kuna somo la matukio adimu na mikia mizito ya migawanyo, yaani mambo ya mbali sana na wastani ambayo hutokea zaidi ya tunavyodhani, ambalo wanafunzi wengi huliona la pembeni na kulichukua mwishoni. Mimi nawaambia walichukue mapema.

Nimeulizwa pia na wazee, na ni haki yao kuuliza, kama elimu hii ni halali. Mimi si mwanachuoni na sitatoa fatwa mahali pasipo pangu. Ninachoweza kusema ni kwamba mwaka 1992 Baraza la Kimataifa la Fiqhi la Kiislamu, lililoko Jedda, lilitoa uamuzi kwamba mikataba ya opsheni kama inavyouzwa katika masoko ya dunia haijuzu. Kijana wa Kiislamu anayekwenda kusoma ni vyema aujue uamuzi huo kabla hajaondoka, ili asije akaushtukia akiwa tayari amesaini mkataba wa kazi. Lakini hisabati ile ile inayopima bei ya opsheni ndiyo inayopima mchango wa haki katika takaful, yaani bima ya Kiislamu, mapato ya sukuk, yaani hati fungani za Kiislamu, na uzito wa ahadi ya mfuko wa hifadhi ya jamii kwa mtu atakayestaafu baada ya miaka thelathini. Malaysia imezisomeshea taasisi zake watu wa aina hii kwa miaka mingi, na hapa kwetu wanaoweza kuisoma sukuk kwa hisabati na kwa fiqhi kwa pamoja ni wachache mno. Pengo hilo linanisikitisha, na kusema kweli ndilo lililonifanya nikubali mwaliko wa leo.

Kuhusu mahali pa kusoma na fedha, nitasema machache. Uingereza na Marekani ada ni kubwa sana, na Marekani masomo yanaweza kufika miaka miwili. Udhamini wa Chevening, ambao ni wa Serikali ya Uingereza, hulipia mwaka mmoja huko, unataka uwe na uzoefu wa kazi wa miaka miwili hivi, na unakutaka urudi nyumbani. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg tangu mwaka 2017 linawatoza wanafunzi wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula. Na kwa kijana ambaye hisabati yake ni nzuri lakini mfuko wake ni mtupu, mlango ninaoupenda kuliko yote uko hapa Afrika: Taasisi ya Afrika ya Sayansi za Hisabati, AIMS, iliyoanzishwa mwaka 2003 karibu na Cape Town na sasa ina kituo pia Kigali, ambayo husomesha uzamili wa sayansi za hisabati kwa udhamini. Pale hakuna anayekuuliza baba yako ana nini. Bodi yetu ya Mikopo ya Elimu ya Juu nayo ipo, na masharti yake yasomwe yote kabla ya kutia saini, kwa kuwa mkopo ni deni hata ukiwa wa Serikali.

Na malipo? Kijana atakayebaki London au Zurich atapata mshahara ambao nikiutaja hapa utawavuruga akili, na ndiyo maana siutaji. Atakayerudi atakuta Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza biashara mwaka 1998, bado ni dogo, na opsheni haziuzwi humo. Kazi yangu mimi ni ya benki, katika idara ya vihatarishi. Tangu mwaka 2018 kanuni za kimataifa za taarifa za fedha zinaitaka benki itenge akiba kwa ajili ya hasara inayotarajiwa katika mikopo yake, isisubiri hadi mkopaji ashindwe kulipa. Na kukadiria hasara inayotarajiwa ni nadharia ya uwezekano tupu. Siku nyingi nashinda na data chafu, nikiuliza kwa nini mkopaji mmoja ana tarehe mbili za kuzaliwa. Ni kazi ya subira. Lakini siku moja nilionesha kwa hesabu kwamba mikopo ya wakulima wa mwani ilikuwa ikipimwa kwa kipimo cha wafanyabiashara wa mjini wenye kipato cha kila mwezi, na kwamba wakulima wale walikuwa wakinyimwa mikopo kwa kosa la kipimo na si kwa kosa lao. Kipimo kilibadilishwa. Nikapita ufukweni mwezi uliofuata nikawaona kina mama wakifunga mwani kwenye kamba, na sikumwambia mtu kitu, lakini nilirudi nyumbani moyo wangu umejaa.

Walimu wameniruhusu kutumia chumba kimoja cha skuli kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri, kwa muda nitakaokuwa likizoni. Hakuna ada. Anayetaka kuja aje na daftari, kalamu, na jibu la zoezi hili, ambalo ni lile la nusu kilo lenye badiliko dogo: mwakani bei inaweza kuwa 12,000, au ikabaki 10,000, au ikawa 8,000. Jaribu tena kununua nusu kilo na kukopa 4,000. Utaona kwamba bei ikibaki 10,000 utakuwa na shilingi 1,000 mkononi ambazo mwenye mkataba hakudai. Tafuta kiasi kingine cha karafuu na kiasi kingine cha deni kitakacholingana na mkataba katika hali zote tatu. Ukishindwa kukipata, niandikie kwa nini hakipatikani, na tutaanzia hapo.